Puli ya Mbao

Mleta mizigo alisimamisha pikipiki yake mbele ya karakana ya mwanangu asubuhi, akafungua kamba, akashusha boksi zito lililozungushiwa utepe pande zote. Hata kabla hajalitua vizuri, aliomba lifunguliwe yeye akiwa pale pale. Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu karibu na mlango, nasugua miguu ya viti kwa msasa. Ndiyo kazi ninayopewa siku hizi, mwanangu anasema mikono yangu ina subira kuliko mashine.

"Fungueni nikiwepo, fundi," alisema. "Ofisini hawapendi tusubiri, lakini nyie fungueni tu. Nikishaondoka maneno yanakuwa mengi."

Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza kuingia mvi, amevaa fulana ya njano yenye jina la wale wauzaji wa mtandaoni kifuani na mgongoni. Nilimpa maji. Aliyanywa amesimama, akakisuuza kikombe kwenye bomba la nje, akanirudishia kwa mikono miwili.

Mwanangu anaitwa Tindo na uani kote, na hata mimi nimezoea. Siku hiyo alikuwa na furaha ya mtoto. Mota ya msumeno wa meza ilikuwa imeungua, na madawati ya shule yalikuwa bado mbao tupu zimeegemea ukuta. Mwalimu mkuu alishasema wazi kwamba shule ikifunguliwa na watoto wakakaa chini, kazi itakwenda kwa mafundi wengine, na haitarudi. Kwa hiyo Tindo alimpiga mleta mizigo begani kirafiki, akamwambia hakuna haja ya kusubiri, picha ya mota si hiyo hapo juu ya boksi, na yeye mota anazijua tangu hajaota meno. Yule mtu akasita kidogo, akavaa kofia yake ngumu, akaondoka.

Boksi lilipofunguliwa, ndani mlikuwa na mota kweli, mpya, inang'aa. Aliyechuchumaa kukisoma kibati chake cha maelezo ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, ambaye anafanya kazi pamoja na Tindo. Huyu wanamwita Taratibu. Hafungi hata kamba ya kiatu bila kufikiri kwanza. Alikisoma kile kibati, akakisoma tena, akasema si yenyewe. Hiyo ilikuwa mota ya kinoo cha kunolea visu. Ilikuwa inakimbia mara mbili ya ile tuliyoagiza, na mhimili wake ulikuwa mwembamba, haukazi kwenye puli yetu ya chuma, lile gurudumu linalozungusha mkanda wa msumeno.

Tindo akawapigia simu wauzaji. Akaweka sauti kubwa tusikie wote. Binti aliyepokea alikuwa na adabu zake, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mzigo ukishafunguliwa haurudishwi, na kwamba jambo hilo limeandikwa kwenye utepe. Nilichukua kipande cha utepe nikasoma mwenyewe polepole. Kweli limeandikwa, kwa rangi nyekundu, linazunguka boksi lote.

"Utaujuaje mzigo si wako bila kuufungua?" Tindo aliuliza.

Binti akarudia kwamba limeandikwa kwenye utepe, akamshukuru kwa kuwachagua, akakata.

Uani kwetu kuna mafundi wengi. Jirani yetu ni mshona makochi, mnene, mcheshi, wanamwita Sponji. Alikuwa amekuja kutazama, na alicheka mpaka akashika mlango. Akasema kwa watu hao hata ukiagiza bwana harusi watakuletea mpiga picha.

Taratibu hakucheka. Alikuwa anakifuta kile kibati kwa kidole.

"Shemeji, yale ni maandishi yao, si sheria," alisema. "Ukinunua kitu hujakiona, wakakuletea kingine, kosa ni lao. Wanakichukua wenyewe kwa gharama yao na wanakuletea chako. Hata wakiandika utepe wa kuzunguka nyumba nzima. Ila tusiiguse. Tukiiwasha tu, tumewapa maneno."

Hayo aliyasikia redioni, kutoka kwa ofisa wa ofisi ya kutetea wanunuzi, na kwa kawaida yake alikuwa ameyasikiliza mpaka mwisho. Akaipiga ile mota picha, kibati na utepe pia, akawatumia wauzaji pamoja na maelezo. Akasema wasipojibu, kesho ataingia ofisi ya kutetea wanunuzi mwenyewe.

"Andika, andika," Sponji akamwambia. "Wewe hata ukiungua utaomba kibali kwanza ndipo upige kelele."

Watu wakacheka, na Taratibu naye akatabasamu. Lakini mwanangu alikuwa anaziangalia zile mbao ukutani. Namjua. Tindo tangu utoto hawezi kuona kitu kinashindikana. Keekee yake ya kwanza ya kutobolea mbao aliitengeneza kwa waya wa gurudumu la baiskeli. Uani kitu kikigoma wanasema mpelekeeni Tindo, na yeye sifa hiyo ameimeza ikawa kama damu yake. Akachagua kipande cha mti mgumu, mwekundu, akaketi kwenye mashine yake ya kukereza, ile ya kukanyaga kwa mguu, akakereza puli ya mbao. Puli ndogo, ili ipunguze ule mwendo. Akaitoboa katikati, ikaingia kwenye mhimili mwembamba kama imezaliwa pale. Ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Mafundi waliishikashika, wakapeana, mmoja akasema angeifanya kidani akamvalishe mkewe.

Ni Taratibu peke yake aliyesema mbao haiwezi kuhimili moto wa mkanda. Alisema mara moja, na alipoona hasikilizwi hakununa. Kesho yake asubuhi walipofunga kila kitu, alikwenda akasimama upande wake wa meza ya msumeno, kwa sababu hawezi kumwacha shemeji yake asukume mbao peke yake. Kabla hawajawasha alinifuata mlangoni.

"Mama, hapo umekaa kwenye njia ya mkanda," aliniambia. Akaninyanyua pamoja na kigoda changu, akanisogeza mpaka ukutani, akaniokotea na msasa wangu.

Msumeno ukawaka. Ubao wa kwanza ulipita kama mkate. Wa pili, wa tatu. Tindo akageuka akaniangalia, meno yote nje, unga wa mbao kwenye nyusi. Sponji akapiga makofi dirishani. Ikaanza kunuka harufu ya mbao inayoungua, na Taratibu akainua mkono mmoja kuonyesha wazime.

Ile puli ilipasuka kwa mlio mmoja kama wa bunduki. Nusu yake ilipiga ukuta mahali nilipokuwa nimekaa kwanza, ikachimba plasta. Mkanda ukaruka, ukamchapa Taratibu usoni kuanzia sikioni mpaka kidevuni, na ngozi ikafunuka. Alipepesuka mbele. Akatafuta mahali pa kushika asianguke, na mkono wake wa kulia ukashuka juu ya msumeno ambao ulikuwa bado unazunguka kwa nguvu zake za mwisho.

Hakupiga kelele. Aliutoa mkono akautazama. Vidole vilikuwa vimebaki juu ya meza, kwenye unga wa mbao, na damu ilikuwa inaruka kwa mapigo, inamlowesha Tindo kifua chote. Ndipo akaanguka.

Sponji yule yule mwenye mzaha aliingia kupitia dirishani. Kwa mwili wake ule sijui alipitaje. Alikuwa na ule mkanda mpana wanaoufuma chini ya makochi, akamfunga nao mkono juu ya kiwiko, akauvuta kwa koleo lake la kukazia mpaka damu ikapungua, huku anamwita jina lake la kweli, ambalo sikujua kama analijua. Binti yangu alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba na povu la sabuni mikononi. Alipoona, aliokota vile vidole kimoja kimoja, akavifunga kwenye khanga yake. Wakampakia kwenye pikapu ya mbeba mbao, binti yangu na Sponji wakapanda naye. Pikapu ilipokuwa inatoka, Taratibu aliinua kichwa akasema kitu. Niliona midomo tu.

Tukabaki na damu. Mafundi walikuwa wamejaa uani. Tindo alisimama katikati ya karakana, ameshika nyundo yake ya mbao, ile kubwa ya kuungia fremu, nadhani hata hakujua ameishika. Nilitaka nimwambie akae. Nilikuwa nainuka kwenye kigoda ndipo nikasikia pikipiki.

Yule mleta mizigo aliingia polepole, na boksi jingine nyuma yake. Alikuwa anatabasamu. Akapunga mkono.

Mwanangu aliiona ile fulana ya njano. Sidhani aliona mtu ndani yake.

Alimvuta kutoka kwenye pikipiki kwa ukosi, pikipiki ikawalalia miguu wote wawili, Tindo akajinasua, akampiga na nyundo kichwani. Kofia ngumu ikapokea. Akampiga tena, kofia ikapasuka. Yule mtu alikuwa amenyoosha mikono mbele na anasema subiri fundi, subiri, ngoja nikwambie. Tindo akaufumua mkanda wa kofia, akaivua kama unavyomvua samaki magamba, akaitupa. Pigo lililofuata lilikuwa la taya. Niliusikia mfupa.

"Mzigo haurudishwi," Tindo alikuwa anasema. "Haurudishwi, eh? Haurudishwi?" Kila neno na pigo lake.

Mafundi wengine wakaingia. Watu hawa nawajua. Mmoja hunichotea maji, mwingine alinijengea choo cha kukalia magoti yaliponizidi. Sasa walikuwa wanamkanyaga mtu mbavu kwa viatu vya kazi. Nilikuwa nawaita kwa majina yao na ya mama zao, hakuna aliyesikia.

Mambo yangeweza kuishia hapo, wakachoka. Lakini lango la uani lilikuwa wazi, na mpita njia mmoja alichungulia, akaona mtu anapigwa na pikipiki imelala, akamaliza hesabu yake mwenyewe. Akapaza sauti kwamba mwizi wa pikipiki amekamatwa.

Hilo neno mnalijua. Barabara nzima iliingia uani. Walikuja watu ambao hawajui mota wala puli, na mawe, na vipande vya matofali, mmoja na mwiko wa jikoni. Walikuja wengi mpaka mwanangu mwenyewe akasukumwa pembeni. Nilimwona anajaribu kurudi katikati na hawezi. Kwanza nilidhani anataka kuendelea kupiga. Kisha nikaona uso wake, nikajua ameanza kuogopa. Mtu mmoja alikuwa amechomoa mpira wa mafuta kwenye pikipiki na anakinga petroli kwenye kopo la rangi.

Mimi siwezi kukimbia. Nilipiga magoti nikapita chini, katikati ya miguu, kama ninavyofanya nikitafuta msumari ulioanguka. Nilikanyagwa vidole. Nikamfikia mleta mizigo. Alikuwa amejikunja, jicho moja limefunikwa na uvimbe, mdomo umekaa upande. Nikamlalia juu, nikamfunika kichwa kwa kifua changu, nikaingiza mikono yangu chini ya masikio yake.

Jiwe lililokuwa linakuja halikuweza kurudi. Lilinipiga begani na mkono wangu wa kushoto ukafa ganzi hapo hapo.

"Bibi, samahani," sauti ya kijana ikasema juu yangu, kwa heshima kabisa. "Sogea kidogo tusikuumize."

Nilimwangalia. Alikuwa na tofali mkononi na amevaa shati la kwenda kazini. Nikamwambia sisogei, na kama wanachoma watuchome pamoja, maana huyu niliyemfunika amenywa maji yangu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Nyuma yake wengine walikuwa wanapiga kelele kwamba bibi atolewe.

Yule mtu chini yangu alikuwa anajaribu kusema. Damu ilikuwa inabubujika na maneno. Niliweka sikio. Alisema mota. Nikadhani anaweweseka. Akarudia, mota yenu, nimewaletea mota yenu.

Nilipaza sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu Tindo akiwa mdogo, alipopanda juu ya paa. "Tindo, fungua boksi."

Akasikia. Boksi lilikuwa bado limefungwa kwenye pikipiki iliyolala. Akalikata kwa patasi, akatia mikono ndani, akageuza ile mota upande wa kibati. Nilimwona anasoma. Nilimwona anaishiwa nguvu za shingo. Ilikuwa ndiyo yenyewe tuliyoagiza, na mhimili wake mnene.

Aliibeba ile mota juu ya kichwa na kuingia nayo kwenye watu, anawasukuma kwa uzito wake, anasema huyu si mwizi, ameniletea changu, mimi ndiye niliyeanza, nipigeni mimi. Kundi kama lile ukiliambia nipige, linapiga. Mwenye mwiko akampiga, mwingine aliyekuwa na nondo akampiga mgongoni. Mota ikaanguka, ikamvunja vidole vya mguu. Akafika kwa yule mwenye kopo, akalipiga teke, petroli ikamwagika kwenye maranda na harufu ikajaa uani. Kisha akatulalia. Nilikuwa chini ya mwanangu na juu ya yule mtu, na kila pigo lililomfikia Tindo nililisikia kupitia mwili wake, nami nikalipeleka kidogo tu kwa aliye chini yangu. Tulikuwa tunahema wote watatu kwa pamoja.

"Mama," Tindo alikuwa ananiambia sikioni, "mama, nimefanya nini."

Mafundi waliokuwa wanapiga mwanzoni ndio sasa waliosimama kutuzunguka, na nyundo zao, wamewageukia watu wa barabarani. Damu ikamwagika upya pale, ya kichwa cha mtu mmoja na pua ya mwingine. Kilichotuokoa ni pikapu. Mbeba mbao alikuwa anarudi kutoka hospitali na Sponji, akaona lango limejaa watu, akabana honi wala hakuiachia, akaingia nalo gari mpaka katikati. Sponji akashuka na koleo lake. Wakatupakia juu ya damu ya Taratibu ambayo ilikuwa bado haijakauka.

Hospitali waliwalaza wodi moja, Taratibu dirishani na mleta mizigo kitanda cha tatu kutoka hapo. Taratibu walimwachia gumba tu mkono wa kulia. Mleta mizigo taya lilivunjika mahali pawili, mbavu pia, na jicho daktari alisema tusubiri. Mimi bega langu walilifunga, wakaniambia nirudi nyumbani, sikurudi.

Kesho yake mchana alikuja bwana mmoja kutoka kwa wale wauzaji, shati limenyooka. Hakukaribia kitanda sana. Alisema ofisi inasikitika, ila safari ya jana haikuwa ya ofisi, mfanyakazi alibeba mzigo bila ruhusa, kwa hiyo yaliyompata ni yake binafsi. Na ile mota ya kinoo, alisema, imeshatumiwa.

Taratibu alimjibu kutoka dirishani, uso umeshonwa nusu. Asubuhi ile ile alikuwa amempigia simu ofisa wa kutetea wanunuzi, binti yangu amemshikia simu sikioni. Alimwambia yule bwana kwamba ofisa amemweleza hivi: utepe wao hauna nguvu yoyote, na walipaswa kubadilisha mzigo tangu siku ile walipopokea picha, na kwamba ofisa mwenyewe atawauliza kwa maandishi. Kisha akasema, kwa upole wake ule ule, kwamba ofisa amemweleza na la pili: puli ya mbao tuliifunga wenyewe, na kwa mkono wake huenda wasidaiwe chochote. Hakumtazama Tindo aliposema hivyo. Alitazama shuka.

Yule bwana akaenda zake.

Aliyetueleza lililobaki ni mke wa mleta mizigo. Alikuwa ameketi kando ya mumewe na chupa ya uji, anampa kwa mrija tone kwa tone. Alisema mumewe alizikuta picha za Taratibu zimefunguliwa kwenye simu ya ofisi, hakuna anayezijibu. Akakitambua kile kibati. Asubuhi ile ya kwanza alikuwa amepeleka maboksi mawili yanayofanana, letu na la mnoa visu wa sokoni. Akawaambia wakubwa kwamba maboksi yamebadilishana, wakamwambia mpaka wateja waandike tena. Basi akaenda kwa mnoa visu kwa muda wake mwenyewe, akamwomba amwamini, akachukua mota yetu ili aje abadilishane nasi.

"Alisema kuna bibi pale anasugua miguu ya viti," yule mama aliniambia. "Alisema, siwezi kuwaacha watu wale na shida ambayo mimi mwenyewe nimeiona."

Kisha akatugeukia mimi na Tindo aliyekuwa amekaa sakafuni, mgongo umefura, mguu umefungwa. Alikuwa hajui. Alikuwa ameambiwa tu kwamba bibi mmoja na mwanawe walimlalia mumewe mpaka gari likaja. Akatoa kipande cha mkate kwenye mfuko wake, akakikata, akampa mwanangu kile kikubwa.

"Mungu awalipe," alisema. "Kula, baba. Hujala tangu jana, nimekuona."

Tindo aliushika ule mkate hakuupeleka mdomoni.

Askari akaingia mchana huo huo, mtu mzima mwenye miwani, akavuta kiti. Alimuuliza mleta mizigo kama anaweza kutikisa kichwa. Akamuuliza kama anawajua waliompiga. Yule mtu aligeuza jicho lake moja lililofunguka, likapita kwa askari, likapita kwangu, likafika kwa Tindo sakafuni na kukaa pale. Mwanangu alikuwa ameinua uso, anamtazama. Hakuomba, sikuona aombe.

Mleta mizigo akatikisa kichwa. Hawajui.

Nimefikiria sana kwa nini. Labda aliogopa, maana anapita mitaa yetu kila siku. Labda alimhurumia. Vyovyote vile, lilikuwa jambo kubwa kutoka kwa mtu anayekunywa uji kwa mrija, na mwanangu angeweza kulichukua akaenda nalo nyumbani. Mke wa yule mtu alikuwa amemshika mumewe mkono, anamwambia askari kwamba hao wa barabarani nani atawajua.

Nilimtazama mwanangu. Ni mwanangu wa pekee wa kiume. Nilitaka aseme yeye, na nilimsubiri. Nilisubiri mpaka askari akafunga kalamu yake.

"Aliyeanza ni huyu," nilimwambia. "Huyu mwanangu. Wengine walimkuta ameshaanza."

Yule mama aliachia mkono wa mumewe. Sitasahau jinsi alivyoutazama ule mkate.

Tindo aliuweka mkate juu ya goti, polepole, usianguke. "Mama amesema kweli," alimwambia askari. "Nilimpiga kwa nyundo. Alikuwa ananiambia subiri." Kisha akajivuta mpaka kwenye kitanda, akasema na yule mtu, si kwa sauti ya wodi nzima. Nilisikia kwa sababu nilikuwa karibu. Alimwambia haki yangu umeniletea mwenyewe mpaka mlangoni, nami nikakupiga hata haijashuka kwenye pikipiki. Hakumwomba msamaha. Nadhani alijua si wakati wa kumwomba mtu yule kitu kingine tena.

Mleta mizigo alifumba jicho. Mkewe alisema tutoke, alisema bila kelele, na alikuwa na haki.

Askari alikuwa ameshasimama, anatafuta pingu kwenye mkanda wake, ndipo muuguzi akaingia na vipimo vya sukari na joto na shuka safi begani. Alikuwa peke yake siku hiyo. Akasema mgonjwa wa mbavu hajageuzwa tangu asubuhi, mgongo utachubuka, na yule mama na yeye wawili hawamwezi. Akatazama huku na huku. Mwanamume mwenye mikono miwili wodini alikuwa askari, aliyekuwa na mgongo mbovu kwa maneno yake mwenyewe, na Tindo.

Yule mama alimtazama mumewe. Mumewe alifumbua jicho, akatazama dari kwa muda mrefu, halafu akashusha kidevu kidogo sana.

Mwanangu alichechemea mpaka kitandani. Akaingiza mkono mmoja chini ya mabega na mwingine chini ya nyonga, akasubiri yule mtu avute pumzi, akamnyanyua na kumgeuza kama anavyobeba mlango ambao gundi yake haijakauka, unga wa mbao bado uko kwenye nyusi zake, huku muuguzi anatandika shuka safi upande ule mwingine.